Chembe Zenye Nauli

Mpwa wangu anasoma fizikia mwaka wa tatu, na kwangu ndiko anakolala, anakokula na anakochajia simu zake mbili. Kwa hilo sina kinyongo. Mtoto wa dada ni mwanao. Kinachonikera ni mazungumzo yake. Zamani akirudi chuoni alikuwa anazungumzia mkopo: umeingia, haujaingia, umeingia nusu. Siku hizi ananiletea fizikia mezani. Jioni moja nimefika nyumbani Chanika, shati limebaki na vifungo vitatu, kiatu kimoja kimekanyagwa mpaka kimebadilika rangi, akanitazama kwa huruma ya kitaalamu akasema, "Mjomba, pole. Ila usijilaumu. Wewe ni chembe tu."

Nikamwuliza chembe ya nini, ya mchele au ya mchanga. Akasema chembe inayojiendesha.

Nimelelewa kuheshimu elimu, kwa hiyo nilimwacha aeleze huku nakula. Kumbe yuko Mhungari mmoja, mwanafizikia wa Budapest anayeitwa Tamás Vicsek. Mwaka 1995 yeye na wenzake wanne waliandika makala ya kurasa 4 tu, na kurasa hizo zimewapa watu kazi mpaka leo. Walichofanya ni kuweka nukta kwenye kompyuta. Kila nukta ina mwendo wake usiopungua wala kuongezeka. Kila baada ya hatua moja, nukta inawaangalia majirani walio karibu nayo, inachukua wastani wa mwelekeo wao, halafu nayo inaelekea hukohuko, ikiyumba kidogo kwa bahati nasibu. Imeisha hiyo. Hakuna kiongozi, hakuna ramani, hakuna kamati ndogo ya maandalizi.

Nukta zikiwa chache, au zikiyumba sana, kila moja inakwenda na njia yake. Ukizibananisha, au ukizipunguzia kuyumba, inafika mahali zote zinageuka na kuelekea upande mmoja. Upande gani? Wowote. Hakuna nukta iliyouchagua.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo ni stendi."

Naomba nieleweke. Mimi ni mhasibu mwenye vyeti. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi, nikisimama kutaja wasiomalizia michango yao watu wazima wanainamisha vichwa. Ninazo hoja kuhusu bajeti ya serikali, na nikipewa nafasi huzitoa bila kuombwa. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni pale Kariakoo, elimu yote hiyo naikunja naitia kwenye begi pamoja na kontena la chakula, nakuwa nukta.

Wanaopanda magari ya kwetu wanaijua hali hii. Watu kama mia mbili tumesimama, kila mmoja kavaa sura ya mtu asiye na haraka. Gari hamna. Mara kule pembeni kijana anasogea hatua mbili. Inawezekana kaenda kutema mate. Jirani yake anamwona, anasogea naye. Wa tatu haoni sababu ya kusogea, ila haoni pia sababu ya kubaki wakati wenzake wawili wamesogea, basi anaongeza mwendo. Kabla hujafunga zipu ya begi, umati mzima unakimbia: mama wa mboga na beseni lake, fundi na ngazi yake, binti aliyekuwa anaongea na mchumba kwenye simu na bado anaongea naye, na mimi, mwenyekiti, nimekumbatia kontena la chakula kifuani. Tunakimbilia wapi? Swali hilo halina wa kulijibu. Tunafika mwisho wa stendi, kwenye kona linatokea boza la maji.

Sasa angalia tunavyorudi. Hapo ndipo penye sanaa. Kila mtu anatoa simu na kuitazama, kana kwamba zile mbio zilikuwa za kutafuta mtandao.

Mpwa wangu akasema hilo la kuwaiga wenzako bila sababu nalo limepimwa. Wamarekani hawana dogo. Stanley Milgram na wenzake walisimamisha watu wao kwenye barabara ya New York, wakawaambia watazame juu kwenye dirisha la ghorofa. Hakukuwa na kitu cha maana dirishani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1969: mtazamaji akiwa mmoja, wapita njia wachache sana husimama, watazamaji wakifika 15, wapita njia 86 katika kila 100 huinua macho. Jaribio hilo lingefanyika Kariakoo lingetoa matokeo hayohayo, isipokuwa hao 86 wangeshusha macho na kukuta simu hazipo mifukoni.

Wenzetu wa Rome wana bahati, wao walipata chembe zenye mabawa. Kila majira ya baridi ndege wadogo weusi wenye madoadoa, wa jamii ya kwezi, huja kulala mjini kwa maelfu, na kabla ya kutua huzunguka angani wakijikunja na kujikunjua kama shuka linalokung'utwa. Watafiti wakapanda na kamera juu ya paa la jumba la makumbusho karibu na stesheni kuu ya treni, wakawapiga picha, wakakokotoa kila ndege alipo. Mwaka 2008 wakatangaza kwamba kila ndege hufuata majirani wake wa karibu 6 au 7 basi, wawe wamebanana naye au wamemwachia nafasi. Maelfu ya ndege wanageuka pamoja, na hakuna hata mmoja anayejua zaidi ya majirani saba wanafanya nini.

Mmoja wa walioanzisha kazi hiyo, Giorgio Parisi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mpwa wangu anasisitiza kwamba tuzo haikuwa ya ndege, ilikuwa ya kazi zake kuhusu mifumo yenye vurugu. Mifumo yenye vurugu! Mzee wa watu hajawahi kwenda Chanika na Kosta ya saa moja usiku. Yeye katazama juu ya stesheni akapewa medali. Mimi natazama stendi kila jioni, nikifika nyumbani naulizwa nilikuwa wapi.

Majirani saba hata mimi ninao. Nimesimamia kucha katikati ya gari, mkono mmoja bombani, na wa kwanza ameniegemeza kwapa usoni. Wa pili amelala wima, jambo nililodhani ni la farasi peke yao. Wa tatu anagombana kwenye simu kuhusu kiwanja kilichouzwa mara mbili, na kwa kuwa anapaza sauti, mpaka tunafika Pugu wote tumeshajua nani tapeli. Wa nne ana kuku. Wa tano ni yule kuku, maana ana mwelekeo wake na hakubaliani na wetu. Wa sita anataka kushuka na alipaswa kushuka vituo viwili vilivyopita. Wa saba ni konda, ambaye kisheria ni mtu mmoja ila yuko kila mahali, anatuambia tusogee nyuma, nyuma kweupe. Sijawahi kukuona huko kweupe.

Kinachoniuma kuhusu wale ndege ni kwamba hawagongani. Kuna Mmarekani, Craig Reynolds, aliyetaka kuchora makundi ya ndege kwenye kompyuta bila kumchora kila ndege na njia yake. Mwaka 1987 akatangaza kwamba sheria tatu zinatosha: usimgonge jirani, elekea anakoelekea jirani, na usijitenge na kundi. Ukizipa nukta sheria hizo, zinaruka kama ndege kweli. Mbinu ya aina hiyo ndiyo iliyorusha popo kwenye filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992. Popo wa filamu, waliotengenezwa kwa umeme, wanaishika sheria ya kwanza. Sisi tunaohubiriwa kanisani na msikitini tumeshika ya pili na ya tatu. Ya kwanza tumeiacha, na kama fidia tunasema "samahani" tukishakanyaga mara ya tatu.

Huko mitandaoni, mtu akitaka kumtukana mwenzake kwamba anafuata mkumbo, anamwita nyumbu. Tunawaonea nyumbu. Nyumbu wakifika Mto Mara husimama, hunusa, hurudi nyuma, husubiri, na mamba wanajua hivyo. Wa Kariakoo hatunusi kitu.

Kwa vile sikuonyesha dalili za kushawishika, mpwa wangu akahamia kwenye nzige. Nadhani alitaka kunipandisha cheo. Mwaka 2006 watafiti waliwatia tunutu, wale nzige wachanga wasioruka bado, kwenye uwanja wa duara wakahesabu wanavyotembea. Wakiwa wachache, kila mmoja alizurura kivyake. Walipoongezwa, wakaanza kujipanga na kutembea pamoja, mara wanageuka wote ghafla na kurudi walikotoka, bila tangazo. Walipojazwa sana, wakazunguka upande mmoja na hawakugeuka tena. Zilezile nukta za Mhungari, safari hii zikiwa na miguu sita.

Watu wakadhani ni umoja. Mshikamano wa nzige. Mwaka 2008 ikajulikana kinachowasukuma: nzige hung'ata wenzao. Aliye mbele yako ni chakula, aliye nyuma yako ana njaa, kwa hiyo unatembea ili usiliwe na huku unamvizia wa mbele. Watafiti wakawakata baadhi yao mshipa wa fahamu wa tumboni wasisikie wakiguswa kwa nyuma. Wale waliokatwa walitembea kidogo na wakaliwa sana.

Hapo ndipo niliposadiki. Maana kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kwa nini ndani ya gari nasogea nyuma nikiambiwa na konda, wakati akili inaniambia nikisogea nyuma sitaweza kushuka. Siendi kwa mapenzi. Nyuma yangu kuna kiwiko.

Na nzige si wa kuchezea. Wakenya wanakumbuka mwisho wa mwaka 2019 walipoingia kutoka upande wa Somalia na Ethiopia, uvamizi ambao Kenya haikuwa imeuona kwa miaka 70. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 80, na kwa siku moja linakula chakula cha watu 35,000. Hao ni wadudu wasio na mkutano wala kadi ya uanachama.

Baadaye, kwa sauti ya chini, mpwa wangu akakiri kwamba wataalamu wameanza kugombana. Watafiti wa Konstanz, Ujerumani, waliowafuata nzige hao Kenya na baadaye kuwaweka wengine ndani ya ulimwengu bandia wa kompyuta, walichapisha mwaka 2025 kwamba nzige hatembei kwa kuiga mwelekeo wa jirani. Anatazama, anapima anachokiona, anaamua mwenyewe aende wapi.

"Kwa hiyo nzige anaamua?" nikauliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mimi?"

Akaangalia simu yake. Ya pili, ile isiyo na bando.

Basi nzige kapata wakili Ujerumani, mimi nimebaki nukta. Tuendelee.

Kuna suala la mlango. Katika mambo yote ya stendi, mlango ndio unaonitoa roho, na kumbe yule Mhungari ameufikia pia. Mwaka 2000, pamoja na Dirk Helbing na Illés Farkas, Vicsek aliandika kuhusu umati wenye hofu unaotaka kutoka chumba chenye mlango mmoja. Nukta zikiwa na utulivu, zinatoka vizuri. Zikitaka kutoka kwa kasi zaidi, kuna kiwango zikikivuka zinatoka polepole zaidi. Sababu ni mabega. Watu wakisukumana mlangoni wanajifunga upinde, bega kwa bega, kila mmoja anamzuia mwenzake na wa nyuma wanaukaza kwa kusukuma. Hali hiyo wanaieleza hivi: kadiri unavyoharakisha ndivyo unavyochelewa. Bibi zetu walitufundisha habari ya haraka na baraka bila kompyuta, na hawakuomba ruzuku.

Mimi huo upinde nimeshakuwa tofali lake. Gari linaingia bado linatembea, mlango umefunguliwa nusu. Vijana wawili wenye mabega ya mazoezi wanafika kwa wakati mmoja, wanakwama, hakuna anayerudi nyuma kwa sababu aliyerudi nyuma amekosa siti na heshima. Nyuma yao tupo sisi. Wanaotaka kushuka wako ndani wanapiga kelele kwamba washushwe kwanza, jambo ambalo kila mmoja wetu anakubaliana nalo kimsingi. Wakati huo upande wa pili madirisha yanafanya kazi. Miguu inaingia, vichwa vinafuata. Asiyeweza kuingia anarusha kitu: begi, kofia, sweta la mtoto. Kitu kikitua kwenye siti, siti ina mtu. Nimewahi kukosa siti kwa sababu ya kitambaa cha jasho, na mwenye kitambaa alikuwa bado yuko chini ananunua vocha.

Kwenye ile makala kuna maneno yaliyonifurahisha. Ukiweka nguzo mbele ya mlango, pembeni kidogo, isiwe katikati kabisa, umati unaweza kutoka vizuri zaidi, kwa sababu nguzo inaupunguzia msukumo. Sisi nguzo tunayo, inaitwa konda. Tatizo ni kwamba imesimama mlangoni penyewe, na inadai nauli.

Kuna kundi moja ambalo wanafizikia hawana hesabu yake: wale wanaogeuza. Hao wanapanda gari kituo cha nyuma likiwa linakuja kushusha, wanalipa nauli ya kuja na ya kurudi, wanakaa dirishani na kututazama sisi tunavyofunga upinde. Nawachukia kwa moyo wote. Mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, nageuza na mimi, na siku hizo nawaona watu wa chini hawana ustaarabu.

Tukishapanda, kuna foleni. Barabara ya Nyerere jioni inanifanya niamini kuna ajali mbele, au msafara, au trafiki amewasahau wa upande wetu. Nimekuwa nikimlaumu huyo trafiki kwa jina la kazi yake kwa miaka. Mpwa wangu kaninyang'anya hata huyo. Japani, mwaka 2008, walitangaza jaribio la magari 22 kwenye barabara ya duara yenye mzunguko wa mita 230. Madereva waliambiwa waende kilomita 30 kwa saa na waachiane nafasi. Hakukuwa na mataa, makutano, shimo wala bajaji. Baada ya muda mfupi mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, na nyuma huko mtu akasimama kabisa. Foleni ikazaliwa haina baba, ikaanza kurudi nyuma kwenye duara kwa kama kilomita 20 kwa saa, huku magari yakienda mbele.

Nilichojibu, na bado nakishikilia, ni kwamba hakuna aliyetanua. Wajapani 22 wamekaa kwenye mstari, wanaona foleni, wanaisubiri iwapitie. Leteni magari 22 ya kwetu kwenye duara hilo. Gari la tatu litapanda ukingo, la nane litalifuata kwa kuwa la tatu limeonyesha njia, la kumi na mbili litawasha taa za hatari kana kwamba limebeba mgonjwa, na bodaboda ambazo hazikualikwa zitakuwa zimeshapita katikati ya maabara. Ndipo mpime.

Mpwa wangu ana imani kubwa na utaratibu unaojizaa wenyewe, na siku moja alinipeleka Mtaa wa Kongo, palepale Kariakoo, kunionyesha. Kweli upo, nisiseme uongo. Watu wanaokwenda na wanaorudi, bila mstari wala askari, wanajipanga kwenye njia: wanaotoka kule wamefuatana, wanaokwenda wamefuatana, kwa sababu kumfuata mgongo ni rahisi kuliko kupambana na kifua. Wanafizikia wamekwisha kuiga jambo hilo kwenye kompyuta tangu miaka ya 1990. Mwenye mkokoteni anapaza sauti, "Mzigo huo! Miguu mbele!" na njia zote zinajikunja zinampisha, zinajifunga tena nyuma yake. Nilisimama nikaona raha.

Raha ilidumu mpaka dada mmoja aliyekuwa mbele yetu alipoona sandozi. Hakusogea pembeni. Alisimama palepale katikati ya mkondo, akachuchumaa, akachukua sandozi ya kushoto, akauliza bei, akacheka kwa dharau bei aliyotajiwa, akauliza ya kulia iko wapi. Nyuma yake mtaa mzima ukasimama. Wa upande wa pili wakajaribu kutupisha, wakagongana na mkokoteni uliokuwa unarudi. Machinga akaona umati, akadhani biashara imechangamka, akapandisha bei. Chembe za Vicsek zina mwendo usiobadilika; hazioni sandozi, hazikumbuki kwamba nyumbani hakuna nyanya, hazikutani na mtu ziliyesoma naye Tabora. Ukimtoa mwanadamu kwenye umati, hesabu inatoka safi.

Nilipomwambia hivyo, mtoto akanijibu kwa kitu ambacho mpaka leo sijakitafutia dawa. Jens Krause na wenzake wa Leeds, Uingereza, waliwaingiza watu kwenye ukumbi wakawaambia watembee bila mpangilio, wasiongee wala kuashiriana. Wachache kati yao walikuwa wamenong'onezwa waelekee wapi. Kwenye kundi la watu 200, wachache hao wakiwa asilimia 5, yaani watu 10, walitosha kuwavuta wote waliobaki. Wengi wa waliovutwa hawakujua kwamba wanaongozwa.

Wa Krause, angalau, wale 10 walikuwa wanajua wanakokwenda. Hawa wetu hawajui. Mpiga debe anaita gari ambalo hajawahi kulipanda, kwenda mahali asikokaa, na tunamfuata kwa sababu ana sauti. Kuna mzee mmoja pale stendi huvaa koti hata Februari na hukumbatia bahasha ya kaki. Hana mamlaka yoyote. Lakini anatembea kwa uhakika mno, na akianza kuelekea nguzo ya umeme, watu wanaanza kumkaribia kimyakimya ili wasipitwe. Nimemfuatilia. Huwa anakwenda kununua karanga.

Mke wangu anauliza kwa nini nisichelewe kutoka ofisini, umati ukaisha. Hilo ni wazo zuri, na wafanyakazi wote wa mjini wamelipata, ndiyo sababu saa tatu usiku stendi imejaa watu waliochelewa kutoka ofisini.

Hukumu yangu ni kwamba yule Mhungari amepatia, ila amekuwa mpole. Ameandika chembe zisizo na nauli, kuku wala sandozi, na hata hivyo zinakwenda zisikokujua. Angeziongezea vitu hivyo vitatu angekata tamaa mwaka huohuo wa 1995, akasomea uhasibu.

Kwa sasa ninalo ombi moja kwa wenzangu wa magari ya jioni. Wewe unayesimama pale pembeni, kabla hujasogea hizo hatua mbili, hakikisha gari unaliona kwa macho yako, lina namba na lina kibao cha njia yetu. Kama unataka kutema mate, tema hapohapo. Na ukiniona mimi mwenyewe nimekumbatia kontena la chakula natoka mbio kuelekea nyuma ya vibanda, tafadhali usinifuate. Huko kuna choo cha kulipia, na tundu ni moja.